Bafta ya Mama

Sparkbrook, Birmingham
Jumatano, tarehe 6 Agosti

Kwa dada yangu mpenzi Asmahan,

Assalaam alaykum. Naanza kwa kukuulizia hali, wewe na shemeji na wanao wote, na goti lako lile ambalo kila nikipiga simu unasema limepona na kila ukiinuka nakusikia "ya Rabbi". Sisi huku, alhamdulillahi, tunavuta pumzi. Idarous mzima, asubuhi anakwenda karakanani kwake Hockley kuchomelea vikuku vya watu, jioni anarudi, anakula, analala, hana habari na mtu. Wasiwasi wote wa nyumba hii nimeachiwa mimi, mume wangu hajapata kuniomba hata kipande.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia barua kama watu wa zamani, na juzi tu tumezungumza. Dada, simu yako ni ya mtaa mzima. Unaweka sauti kubwa, shemeji anachangia kutoka jikoni, jirani anaitikia salamu, na huku kwangu Mama macho yamepungua lakini masikio yangali ya kigori. Kwa hiyo barua hii anakuletea Maulid wa msikitini kwetu, anayesafiri Ijumaa kuja huko nyumbani. Nimeifunga kwa gundi na juu nikapiga utepe. Ikifika imefunguliwa, mwenye la kujibu ni yeye. Isome chumbani, mlango umefungwa, na usiisome ukiwa na njaa, maana nakujua.

Mama kwa leo hajambo. Hospitali wamethibitisha siku, ni Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 14. Mlango mmoja wa moyo umekakamaa, haufunguki sawasawa, wataweka mwingine. Daktari alisema wengi wa umri wake hufanyiwa na hurudi nyumbani wakatembea wenyewe. Akasema pia yale mengine ambayo lazima wayaseme, na hayo nikayatafsiri nusu. Mama akaniangalia, akaniambia nimalizie na ile nusu iliyobaki.

Tangu siku hiyo ana neno moja tu. Anataka nimpe bafta yake. Ile uliyomletea ulipokwenda hija, uliyoichovya Zamzam kwa mikono yako ukaianika hotelini kwenye kitundikio cha waya. Anataka aifukize udi, aikunje upya, aiweke karibu, ili siku akienda hospitali kila mtu ajue sanda iko wapi, asihangaike mtu. Wewe na mimi hilo halitushtui. Bibi yetu naye alikaa na yake sandukuni miaka zaidi ya ishirini, jua likiwaka akiitoa na kuianika pamoja na mito. Mimi nikamwambia Mama iko juu darini, Idarous ataiteremsha. Siku ya pili nikasema Idarous ameumwa mgongo. Siku ya tatu Idarous akapita mbele ya Mama na gunia la mchele la kilo ishirini begani, anaimba. Njia ya mwongo fupi, dada.

Sasa kaa kitako. Bafta haipo. Nimeikata.

Nikueleze nilivyofika huko. Unakumbuka nilikwambia kwamba Léocadie, yule jirani yangu wa Bukavu, alinivuta kwenye kikundi cha kina mama wanaoshona mifarishi, ukumbi mmoja hapa karibu na Ladypool Road. Wewe ukacheka, ukasema Ulaya mtu anakata nguo nzima ili aishone viraka. Kweli, ndiyo kazi yenyewe. Juu unaunga vipande vipande mpaka vipatane, katikati unaweka pamba, nyuma unatia nguo moja pana, kisha unadarizi matabaka yote matatu yashikane. Wangu niliushona kwa khanga kuukuu, zangu na za Mama, vipande mia na arobaini na nne. Miezi minane. Na nguo ya nyuma ndiyo hiyo bafta. Niliikuta kwenye kabati la Mama nikadhani ni shuka la kitanda. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mama, na wewe lishike hivyo kwanza mpaka nifike mwisho.

Lau ungekaa nyumbani mfarishi wenyewe, ningekwishaufumua taratibu nikaitoa bafta yenye matundu nikalia nayo. Lakini mwezi wa tatu Léocadie alipeleka picha za mfarishi huo kwenye yale maonyesho makubwa ya mifarishi yanayofanyika huku kila mwaka, kwa jina langu, bila kuniuliza, na wakaukubali. Wengine wanashona miaka kumi hawakubaliwi. Kikundi kizima kilipiga vigelegele, Barwako mwalimu wetu akaleta halwa ya Kisomali, na mimi nikawa natabasamu huku jasho linanitoka kwapani. Mwisho wa Julai wakaja kuuchukua. Kwa hiyo siku zile Mama alipokuwa akinidai sanda yake, sanda yenyewe ilikuwa imetundikwa ukumbini kwenye taa, na watu wanalipa kiingilio kuja kuiangalia.

Nikapanga. Kwenye maonyesho hayo, mbali ya mifarishi ya kuangaliwa, kuna mamia ya wauzaji wa nguo, nyuzi, sindano, mikasi, kila kitu. Nikasema nitakwenda siku ya Jumamosi, nitafute bafta nyeupe inayofanana na yako, niifue, niichakaze kidogo, niikunje kama ulivyoikunja wewe, nimpe Mama mkononi na habari iishe. Kwenye pochi nikatia kipande kilichobaki, ukubwa wa kiganja, cha kulinganishia. Sikulala siku mbili nikijiuliza weupe una aina ngapi.

Nikwambie na kichekesho chenyewe. Kikundi nacho kilikuwa kimetuchagua mimi na Léocadie tukanunue vitu vyao, na kikao cha kuamua tununue nini kilichukua Jumanne mbili. Huyu anataka pamba ya katikati, yule kisu cha gurudumu, mwingine nyuzi za rangi ambayo hana jina lake ila ana picha ya kasuku. Léocadie alishakwenda mwaka jana akanunua kwa pupa, akarudi na mfuko wa vifungo vya mbao ambavyo mpaka leo hatujui vya nini. Kwa hiyo safari hii alikuja na sheria. Alinisomea mlangoni kwangu, kidole juu: "Nunu, saa ya kwanza usinunue kitu. Tunazunguka tu, mikono mitupu, tunaangalia. Mi mwaka jana nilinunuaka mukasi saa ya kwanza, haikate hata siagi. C'est fini, imeisha ile ujinga."

Nilikuwa nimevaa viatu tayari wakati Mama alipotoka chumbani. Kavaa baibui lake jipya, kajitia wanja, fimbo mkononi. Akasema mfarishi umeshonwa kwa khanga zake, basi na yeye ana haki ya kwenda kuuona. Nikamwambia ni mbali, ni treni, ni watu wengi, daktari kakataza. Akaniuliza daktari kakataza lini. Léocadie akasema kule kuna viti vya magurudumu vya kuazima na yeye atasukuma, na Mama akamwombea dua pale pale mlangoni. Ningewezaje kukataa? Nilikwenda msalani nikakaa kule dakika tano, nikatoka.

Ukumbi wenyewe uko karibu na uwanja wa ndege, unashuka na treni mlangoni. Dada, ni watu! Wanawake wa kizungu wa umri wetu na zaidi, kila mmoja ana kitoroli na orodha, wanatembea kwa haraka kama waliochelewa kuswali. Mifarishi imetundikwa kila upande, mikubwa kuliko ukuta wa sebule yako. Mmoja umeshonwa kama picha ya ziwa, ukiukaribia unaona ni tai kuukuu za wanaume. Mama alikuwa akisema mashaallah kila kona, na kila aliposema mashaallah mimi nilihesabu tumebakisha safu ngapi kufika kwa wangu. Nilimnong'oneza Léocadie amzungushe upande wa pili kwanza, mimi naingia msalani. Sikuingia msalani. Nilikwenda kutafuta weupe.

Nikaukuta, na ukanishinda. Meza moja tu ilikuwa na majora ya nguo nyeupe kumi na sita. Nyeupe ya maziwa, nyeupe ya chokaa, nyeupe yenye maua meupe ndani yake usiyoyaona mpaka uinamishe kichwa. Pamba tupu, pamba yenye nailoni, iliyotiwa wanga, isiyotiwa. Mwenye meza, mama mmoja wa Kihindi wa Leicester anayeitwa Ushma, alinijia na futi shingoni akaniuliza natafuta ya kitu gani. Mtu unamjibuje? Nikasema ya nyuma ya mfarishi. Akaniuliza mfarishi wenyewe wa rangi gani. Nikakitoa kile kipande nikakilinganisha na jora la kwanza, la pili, la saba. Yako ilikuwa nyepesi na ina ugumu wa mbali, kama karatasi iliyolowa ikakauka. Hakuna iliyokuwa hivyo. Nikachukua moja iliyokaribia, nikaiweka juu ya meza, nikatoa kadi.

Hapo simu ikalia. Léocadie. Anacheka kwa furaha, anasema, "Nunu, kuja mbio! Tumeuona! Mama iko mbele yake, kuko na ule muzee wa maglovu anamwelezea byote!"

Niliacha jora, niliacha na kile kipande. Nilikimbia, Asmahan, mimi na kilo zangu hizi, nikiwagonga watu na kuomba radhi kwa Kiswahili. Nilipofika, Mama alikuwa kwenye kiti chake mbele ya mfarishi wangu, kichwa kimeinuka, anazisoma khanga moja moja. Ile ya harusi yako, ile ya arubaini ya baba, ile aliyonunua kwa ajili ya kumsema wifi yake akaja kuivaa mwenyewe kwa kukosa nyingine. Kando yake amesimama mzee mmoja wa kujitolea, jina kifuani Derrick, amevaa glavu nyeupe, maana watu hawaruhusiwi kushika na wao ndio wanaoshika kwa niaba ya watu. Kumbe pale kuna desturi sikuijua. Wajuzi wa kazi hii hawatosheki na mbele, huangalia na nyuma, kwa sababu mshono mbaya hujificha nyuma. Derrick akainama akamuuliza Mama kwa ile lafudhi yao ya kumwita kila mtu bab kwa upendo, "D'you want to see the back, bab?" Mama hakujua neno ila alijua mkono. Akaitikia kwa kichwa.

Nikasema no, nikasema hakuna haja. Nilisema kwa sauti mpaka mama mmoja akageuka. Derrick akadhani naona haya, akanitia moyo, akashika pembe ya chini kwa vidole viwili akaifunua taratibu. Na katika pembe nne za mfarishi ule akachagua hiyo hiyo. Ile yenye alama ya kutu ya kitundikio chako cha Makka, kijistari kama ukucha, ambacho Mama alikuwa akiwaonyesha watu na kuwaambia ni muhuri wake.

Mama akaomba miwani. Akaivaa, akaangalia muda mrefu. Léocadie alikuwa bado anacheka, maana hajui. Kisha Mama akasema kwa utulivu kabisa, "Nunu, hii nguo yangu." Nikamwambia Mama nisamehe, nilidhani shuka, wallahi nilidhani shuka la kitanda. Nimeapa, dada. Nimetaja jina la Mwenyezi Mungu kwa uongo mbele ya wazungu.

Hakukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu ila hilo. Alicheka, akacheka mpaka akakohoa na Derrick akaleta maji. Akaniambia kwamba watu mia wameiangalia sanda yake na hakuna hata mmoja aliyesema innalillahi. Kisha akafuta macho, akauliza wauza nguo wako wapi, akasema yeye Alhamisi ya pili anakwenda kupasuliwa na hana cha kuvaa.

Basi nilirudi kwenye meza ile ile ya Ushma, safari hii namsukuma Mama. Jora langu lilikuwa bado liko pale, na kile kipande juu yake, nikakificha kiganjani. Mama akazigusa zote. Alikuwa akikunja pembe, anaisugua kati ya vidole, analowesha kidole kwa mate anaona maji yanavyoingia. Ile niliyokuwa nikitaka kuinunua mimi akaitupa upande mara moja, akasema ina nailoni, hiyo itamtoa jasho. Ile ya maua meupe akasema ya bi harusi. Léocadie akaleta orodha ya kikundi akasema basi tununue na pamba ya Barwako hapa hapa, na mimi nikamwambia Léocadie kwa Mungu ninyamazie dakika moja. Alinitazama, akaelewa kuna jambo, akaenda kusimama mbali na kitoroli chake.

Yakabaki majora mawili. Mama akayaweka magotini, moja kulia, moja kushoto. Ushma, maskini, kwa ukarimu wake akauliza, "Is it for a king-size bed, auntie?" Nikamtafsiria Mama. Akasema, "Mwambie kitanda cha mtu mmoja." Nikamwambia. Ushma akaanza kuhesabu, na Mama akamkatiza kwa mkono, akanyoosha dhiraa yake mwenyewe juu ya meza, kiwiko mpaka ncha ya kidole, akawa anapima na kunitajia kwa sauti ya kawaida kabisa: hapa shuka, hapa kanzu, hapa ukaya, na hapa mbili za kuzungushia. Wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu yao wakasimama kumsikiliza, wamependezwa kumwona bibi anayejua kazi.

Kisha akayasukuma majora yote mawili upande wangu. Akaniambia nichague. Nikamwambia wewe ndiye mjuzi, chagua wewe. Akasema yeye hataiona. "Wewe ndiye utakayenivisha. Chagua inayokupa raha mkononi."

Sijui nilisimama pale muda gani. Nilinunua samani za nyumba hii kwa haraka kuliko hivyo, niliolewa kwa haraka kuliko hivyo. Nikilishika la kulia naona zito. Nikilishika la kushoto naona jepesi mno, mwili utaonekana, kisha nikashtuka mwenyewe nimefikiria neno hilo. Mwili. Mama yangu kakaa mbele yangu na wanja machoni, anamtabasamia Ushma. Nikachagua la kulia. Mama akasema ndilo alilolitaka. Akalipa mwenyewe kutoka kwenye kitambaa chake, akakataa kadi yangu, akasema hiki lazima kitoke kwake. Ushma akamwongezea nusu mita ya bure na kumtakia ushonaji mwema. Ya kikundi, nikwambie ukweli, tulinunua kwa mbio dakika za mwisho, na zile nyuzi za kasuku tumekosea.

Kwenye treni Mama alishika mkono wangu. Akaniambia hili liwe letu, nisikwambie wewe, kwa sababu ulijinyima ukamchovyea nguo yake Zamzam na utaumia. Akasema itoshe kukwambia bafta iko mahali pake. Kwa hiyo najua kwamba kwa kuandika barua hii nimemwasi. Lakini siku nne sasa bafta mpya iko kabatini imefuliwa, Mama ana raha, analala vizuri, na mimi ndiye nisiyelala. Mficha uchi hazai.

Sasa nirudi pale nilipokwambia ulishike hivyo kwanza. Sikudhani ni shuka, Asmahan. Nilijua. Ningekosaje kujua? Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki na wewe mwenyewe umeandika juu yake kwa wino wa kijani, SANDA YA MAMA, ISIFUNGULIWE. Na nguo ya nyuma nilikuwa nayo, ya buluu, nimeshainunua kwa ajili ya kazi hiyo, mpaka leo iko chini ya kitanda.

Kila asubuhi nilikuwa nikiufungua mlango wa kabati kumtolea Mama kanzu na ushungi, na ule mfuko uko pale unanitazama. Wewe uliuleta ukaenda zako. Mimi ndiye nilalaye chumba cha pili nikisikiliza kama anakohoa, na akinyamaza ndiyo mbaya zaidi. Nilianza kuuogopa ule mfuko. Na hili nalo nitalisema, maana nimeshaanza: nilikuonea wivu. Kila mgeni akija Mama, bila kujali ulichoandika, alikuwa akiitoa bafta, "kaniletea Asmahan, ya Makka, shika uone," na mgeni anashika na kusema mtoto ndiye huyo. Mimi ninayemkanda miguu na kumchoma sindano ya sukari sijapata kutolewa kabatini nikaonyeshwa mgeni hata siku moja.

Ilikuwa mchana, Mama kalala baada ya adhuhuri. Nilikuwa nikishonea chumbani kwake kwa sababu ndicho chenye mwanga. Niliutoa mfuko, nikautupa, nikaitandaza bafta sakafuni, nikaikata. Nilijiambia kisipokuwepo, hakitahitajika. Akili ya mtoto mdogo, na mimi nimepita miaka hamsini. Basi ndiyo hiyo. Ulilolileta kwa mapenzi mimi nimelikata kwa woga na husuda, kisha nikaapia uongo. Sina la kujitetea.

Nilikuwa nimefika mstari huu wakati Mama aliponiita nikamtilie uzi kwenye sindano. Nimekaa naye na nimerudi sasa hivi, na nakuandikia kama ilivyokuwa.

Aliniuliza namwandikia nani muda wote huu. Nikasema wewe. Akauliza kama nimekwambia lile tuliloagana. Nikasema ndiyo, nimekwambia kwamba nilidhani ni shuka. Akafunga fundo la uzi, akaniambia nikae kitandani. Akasema siku ile alikuwa macho. Aliniona nimepiga magoti sakafuni na mkasi, nakata na kulia kwa kujibana nisimwamshe, akaona uchungu kunisemesha. Akageuka akalala upande wa ukuta mpaka nilipomaliza.

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alikuwa akinidai nguo kila siku, na kule maonyeshoni kwa nini akajitia kuishangaa. Akasema kule hakwenda kuangalia khanga, khanga anazijua. Alikwenda kuiona bafta yake imekuwaje, na akafurahi kuona mshono umenyooka. Na kunidai, alikuwa akinipa nafasi nimwambie kwa mdomo wangu, kwa sababu anakwenda kwenye kisu, na alichelea asije akaondoka, nikabaki nalo peke yangu.

Hayo ndiyo, dada. Nimelia mpaka kichwa kinauma, na yeye anashona pindo la foronya kama hakusema kitu. Kasema nikwambie na wewe yote, kwa hiyo uasi wangu umefutwa. Anakusalimu sana, anasema Zamzam ikipatikana mpe Maulid chupa moja ya kurudi nayo, na anasema usinipigie kelele. Mimi nasema nipigie ukitaka, nimezistahili, ila piga kabla ya Alhamisi, na ukipiga zungumza na Mama kwanza. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na goti lako ulipeleke kwa daktari.

Wako mwenye makosa, anayekupenda na kukuomba radhi,

Nunu